Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii imezoeleka kuwa onyo kwa mgeni mvivu anayekula bila kufanya kazi. Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unaomba kuitazama kwa jicho jingine. Mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Ameonyeshwa udongo, ametengewa nafasi yake juani, na siku ya mavuno atakaa pamoja na wenyeji kugawana kilichopatikana. Kwa maana hiyo jembe ni ukaribisho, na kama tutakavyoona, laweza pia kuwa dawa.

Mgeni tunayetaka kumzungumzia ni mke aliyemfuata mumewe kazini. Hapa Mbale, katika kambi ya jeshi ya Bugema, katika kota za polisi na za magereza, na katika vyumba vya kupanga vilivyozunguka mji, wapo akina mama waliotoka mbali. Mmoja amelelewa Acholi, mwingine Ankole, mwingine Karamoja au ng'ambo ya Mto Nile huko Lugbara. Wapo pia waliovuka mpaka kwa ajili ya ndoa, kutoka Kenya, Kongo, Rwanda au Sudan Kusini. Wote wamefika chini ya Mlima Elgon, penye mvua nyingi na ndizi nyingi, kwa sababu moja tu: huko ndiko mume alikopangiwa kazi.

Upweke wa Kuku Mweupe

Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni kuku mweupe, maana huonekana upesi miongoni mwa wenziwe. Mke mgeni huonekana kwa mavazi yake, kwa lafudhi yake, na kwa namna anavyopika. Ajabu ni kwamba pamoja na kuonekana na kila mtu, huenda asijuliwe na mtu yeyote. Sokoni wauzaji husalimiana kwa "mulembe" na kuendelea kwa Kigisu, naye husimama na kikapu chake akionyesha kwa kidole kile anachotaka. Ndani ya kambi Kiswahili humsaidia, kwa kuwa tangu jeshi la Keya lilipoundwa mwaka 1902 lugha hii imekuwa ndiyo iunganishayo askari wa makabila mbalimbali. Lakini si kila mke amewahi kujifunza Kiswahili kabla ya kuolewa, na maisha hayaishii ndani ya uzio wa kambi.

Mume wake hakuhamia ugenini kwa namna ileile. Yeye alipofika alipokewa na kazi. Anao wakubwa na wadogo wake, ana zamu yake, na kila asubuhi ipo sauti inayomwita kwa jina na cheo. Mke alipokewa na kuta nne. Zaidi ya hayo, huenda mume akaondoka tena. Tangu Machi 2007 askari wetu wamekuwa wakienda Somalia kulinda amani, na safari moja yaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Tangu Novemba 2021 wengine wamekuwa wakivuka kwenda mashariki ya Kongo. Mke hubaki na watoto, na simu anayoingoja, na habari anazozisikia redioni kabla hazijathibitishwa na mtu yeyote.

Hali hiyo ikidumu, mwili na moyo hulalamika. Mama hapati usingizi, au hulala mchana kutwa na kuamka amechoka. Chakula hakipandi. Kichwa humuuma, moyo humwenda mbio, na zahanati wakimpima malaria hawaioni. Mtoto akilia humkemea kupita kiasi, kisha yeye mwenyewe hulia. Majirani husema ana maringo, wengine husema ni mvivu, na wachache hunong'ona kwamba amerogwa. Jina la hali hii ni sonona, na ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na wageni kutoka ng'ambo. Watafiti walipokwenda Masaka na Rakai walikuta wanavijiji wenyewe wanazo tayari lugha za kueleza maradhi hayo. Waliyaita kwa Kiganda "yo'kwekyawa", yaani kujichukia, na "okwekubazida", yaani kujihurumia. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya hizo mbili, baadhi ya watu waliosononeka waliwekwa katika vikundi vilivyokutana mara moja kwa juma kwa muda wa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba huzuni ilipungua sana kwao kuliko katika vijiji visivyokuwa na vikundi. Ilionekana pia kwamba waliohudhuria waliweza tena kufanya kazi zao za kila siku.

Mfano wa pili unawahusu wageni hasa. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, West Nile, karibu wanawake 700 wa Sudan Kusini walishiriki katika jaribio la mpango wa Shirika la Afya Duniani. Nusu yao hivi walikusanywa katika vikundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, mara tano, saa mbili kila mara, juu ya namna ya kubeba mawazo mazito bila kuzidiwa nayo. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Hivyo tunajifunza kwamba mke mgeni aweza kusaidiwa karibu na mlango wake, pamoja na wenzake, bila gharama kubwa.

Bustani Kama Dawa

Sasa bustani inaingiaje? Wanajeshi wana sababu ya kuijua habari hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali za Marekani zilizowapokea askari waliojeruhiwa ziliwapa kazi ya kupanda na kupalilia kama sehemu ya matibabu, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa taaluma inayosomewa. Huko London, mwaka 1992, shirika la kuwatibu watu walioteswa lilianzisha mpango wa kuwapa wakimbizi vipande vya bustani. Wengi wao walikuwa wakulima katika nchi zao. Walioshindwa kusema neno wakiwa wamekaa kwenye kiti mbele ya mganga walianza kusema wakiwa wameinama juu ya tuta, mikono ikiwa udongoni.

Uholanzi, watafiti waliwapa watu 30 kazi ya kuchosha akili, kisha wakawagawa. Wengine walisoma ndani ya nyumba kwa nusu saa, wengine walifanya kazi ya bustani kwa muda uleule. Walipopimwa, kemikali ya mwilini inayoongezeka mtu anapotaabika ilikuwa imepungua kwa wote, lakini ilipungua zaidi kwa waliokuwa bustanini, na furaha yao ilikuwa imerudi kamili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Sababu si za kimiujiza. Mwili unaotembea na kuinama huchoka uchovu mzuri uletao usingizi. Mwanga wa jua la asubuhi huusaidia mwili kutambua mchana na usiku. Mikono ikiwa na kazi, mawazo hupata pumziko. Na lililo kubwa kuliko yote, mbegu huota. Mchicha uliopandwa Jumatatu huweza kuonekana juu ya udongo kabla ya juma kwisha. Kwa mtu aliyeanza kuamini kwamba hana faida yoyote duniani, jani lile dogo ni ushahidi ambao hakuna awezaye kuubishia.

Tofauti ya Dawa na Sulubu

Hapa msomaji mwenye akili atauliza swali: mwanamke wa Kiafrika amelima tangu utoto wake, amelima akiwa mjamzito, amelima akiwa mgonjwa. Ikiwa kulima ni dawa, mbona hajapona? Swali hili ni la haki, na asiyelijibu hafai kuwashauri akina mama juu ya bustani.

Jibu ni kwamba si kila jembe ni dawa. Jembe la amri ni sulubu. Mume akirudi kutoka zamu na kumwambia mkewe, "Nimesoma gazetini kwamba kulima kutakuponya, kesho anza," basi amemwongezea mzigo na kumnyima dawa. Ili bustani imfae mke aliyesononeka inahitaji mambo manne.

Kwanza, iwe hiari yake. Achague mwenyewe kuja, achague atakachopanda, na siku asiyojisikia aruhusiwe kukaa kivulini akitazama wenzake.

Pili, awe pamoja na wenzake. Shamba la peke yako ni upweke uliohamishwa kutoka chumbani kwenda nje. Wanawake wanane au kumi, wakikutana mara mbili kwa juma kwa muda wa saa moja na nusu hivi, wanatosha. Kikundi kikiwa kikubwa mno mwenye sauti ndogo hupotea.

Tatu, kazi iwe ya kiasi. Tuta la urefu wa hatua nne na upana wa mikono miwili ni kubwa vya kutosha. Lengo si kulisha kikosi.

Nne, mavuno yawe yake. Akitaka kuyapika ayapike, akitaka kumpelekea jirani ampelekee, akiyauza shilingi zile zikae katika mkono wake. Mume anayekuja kuzichukua ajue kwamba amechukua dawa ya mgonjwa.

Namna ya Kuanza

Udongo wa Mbale una rutuba, kwa kuwa asili yake ni majivu na mawe ya Mlima Elgon, uliokuwa volkano zamani na ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Lakini ardhi ya Bugisu ni haba kwa wingi wa watu wake, na kila kipande nje ya uzio kina mwenyewe. Mgeni asianze kuchimba mahali kwa kuona tu kwamba pana majani. Ndani ya kambi aombwe mkuu wa kambi, nje ya kambi aombwe mwenye ardhi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na popote pale, msilime kwenye kingo za mito. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20 mjini hapa na jirani. Kingo za mto ziachiwe nyasi na miti.

Penye uhaba wa ardhi, gunia linatosha. Tafuta gunia la kilo 100, na kama lilikuwa na mbolea ya dukani lioshe vizuri. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Chukua mkebe mkubwa uliotobolewa pande zote mbili, uusimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo, kisha uzungushie udongo. Udongo ukifika ukingo wa mkebe, uvute juu na kuacha mawe palepale, ujaze tena, hadi gunia lijae. Nguzo ile ya mawe ndiyo itakayopitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, yakiachana kama upana wa kiganja, yasiwe katika mstari mmoja wa kushuka. Pandikiza miche ya sukuma wiki katika matundu, na juu ya gunia panda vitunguu au mchicha. Mwagilia asubuhi na jioni. Hata maji yaliyooshea mboga yanafaa.

Mboga ya kwanza iwe ya upesi. Mchicha, ambao watu wengi hapa huuita dodo, huwa tayari kuchumwa katika majuma matatu au manne. Moyo ulioelemewa hauwezi kungoja kahawa ya miaka mitatu. Wakisha kula mchicha, waingie katika mboga zinazotaka subira: nakati, biringanya, nyanya.

Kisha lifuate jambo lenye nguvu kuliko yote, nalo ni mbegu za nyumbani. Kila mama aombwe apande mboga moja ya kwao. Mama wa Acholi atapanda malakwang, ambayo kwao hupikwa kwa kuungwa na karanga au ufuta, na majani ya kunde ambayo wao huyaita boo. Mama wa Kenya ataleta mgagani au mnavu. Mwenyeji Mgisu awaonyeshe jinsi ya kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo nayo huungwa kwa karanga. Siku hiyo wote watagundua kwamba karanga zimewaunganisha kabla ya lugha. Na yule ambaye jana alikuwa mjinga sokoni, leo ni mwalimu, kwa maana hakuna mwingine ajuaye malakwang hupandwaje. Mtu huanza kupona anapokuwa na kitu cha kumfundisha mwenzake.

Ndiyo maana tunasema wenyeji wasiachwe nje. Kikundi kimwalike angalau bibi mmoja wa Kigisu anayejua mvua za hapa, ambazo kwa kawaida huanza Machi, na wadudu wa hapa. Atakapowaita "wanangu", kambi na mtaa vitakuwa vimeanza kuzungumza. Mji huu wenyewe si mgeni kwa wageni. Ulikua ukizunguka makao ya Semei Kakungulu, Mganda aliyefika mwanzoni mwa karne ya 20 na kufia katika sehemu hizi mwaka 1928. Baada yake walikuja wafanyabiashara, makarani, walimu na askari, na tangu mwaka 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu kutoka nchi nyingi.

Makabidhiano

Tutaambiwa na wengi, "Tupande kwa nini, na kesho tutahamishwa?" Maneno haya yamekwisha kuua bustani nyingi kabla hazijapandwa. Mke wa askari huishi miaka kumi akingoja kuhamishwa, na katika miaka hiyo hapandi hata pilipili. Maisha yake huwa ni masanduku yasiyofunguliwa.

Jibu lipo katika kazi ya mume wake mwenyewe. Askari haachi lindo mpaka mwenzake awasili, amkabidhi, amweleze hali ilivyo. Basi bustani nayo ikabidhiwe. Mke anayeondoka achukue mbegu katika kitambaa, na tuta amwachie mke anayeingia, amwambie: hapa maji hutuama, hapa kuku huvamia, na jirani wa pili ni mtu mwema. Mwanamke atakayeshuka kwenye lori akakuta mboga imesimama ikimngoja, pamoja na mtu wa kumwonyesha, hatakuwa mgeni kwa muda mrefu. Na yule aliyeondoka atakuwa ameacha alama yake Mbale, naye atakuwa na mbegu za kuanzia huko aendako.

Mipaka ya Jembe

Pamoja na sifa hizi zote, tusidanganyane. Bustani haitibu kila kitu. Mama aliyejifungua karibuni akimkataa mtoto wake. Mama anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mama anayesema ni heri afe, au anayegawa vitu vyake kana kwamba anaaga. Huyo asipewe jembe. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ina wahudumu wa magonjwa ya akili, na si aibu kwenda kwao kama si aibu kwenda kufungwa mkono uliovunjika. Vilevile mke anayepigwa nyumbani hawezi kuponywa na sukuma wiki. Dawa yake ni kukomesha kipigo, na wakubwa wa kikosi pamoja na dawati la familia na watoto katika kituo cha polisi wanawajibika kumsikiliza. Kikundi cha bustani kikifanya kazi yake vizuri, ndicho kitakachotambua mapema, kwa sababu wenzake watauliza, "Mbona leo hakuja?"

Kwenu Waume na Wakubwa

Afande, sehemu yako katika jambo hili ni ndogo lakini ni ya lazima. Udongo wa kambi umekanyagwa na viatu kwa miaka mingi. Ulime wewe mara ya kwanza, kisha umwachie mwenye bustani. Kaa na watoto ile saa moja na nusu. Ukiwa mbali na ukapiga simu, usiulize habari za fedha na watoto tu. Uliza mchicha umefika wapi. Mke atakayekusimulia habari za mchicha wake atakusimulia na mengine.

Nanyi wakuu wa kambi na vituo, hamkuombwa fedha. Mmeombwa kipande cha ardhi kisichotumika, bomba la maji karibu nacho, na amri moja kwamba mboga za akina mama zisikanyagwe katika gwaride wala kuliwa na mbuzi wa mtu yeyote, hata kama mbuzi huyo ni wa mkubwa. Kikosi ambacho wake zake wana afya ya moyo hulala vizuri, na askari aliye mbali akijua hivyo hushika silaha yake kwa utulivu.

Kwa akina mama mliofika Mbale mwezi huu na bado hamjamjua hata jirani mmoja: siku mbili za ugeni zimekwisha. Msingoje kualikwa. Piga hodi mlango wa pili, uliza, "Mama, hapa mnapata wapi samadi?" Mazungumzo yatajiendea yenyewe.

Hadi juma lijalo, tunawatakia afya njema na mvua ya kiasi.